Paa Linalotoka Jasho

Jumatatu, 3 Machi

Haya, Mdaku wangu, umefika. Usijifanye eti daftari limefunguka lenyewe. Anayesoma daftari la mwenzake ni mdaku, na mimi wadaku nawapenda, maana ndivyo nilivyo: siwezi kuona kitu nikanyamaza bila kuuliza kwa nini. Bibi ananiita Kiherehere. Kaa basi nikuonyeshe nyumba.

Nyumba yetu ni ya dobi. Chumba kikubwa cha mbele ndipo kazini: jiko lenye bomba la moshi, pipa la kuchemshia mashuka, meza ya pasi, kamba nne kutoka ukuta hadi ukuta. Kiangazi tunachemsha na kuanika uani. Mvua zikianza, vyote vinaingia ndani, na sisi tunapita katikati ya mashuka kama wezi. Tuko watatu: Bibi, Mama Mdogo, na mimi. Mashuka ni ya nyumba ya wageni, makoti meupe ni ya maabara ya shule.

Kwenye rafu kuna kopo la mifukoni. Hiyo ni sheria ya Bibi: nguo haiguswi na maji kabla mfuko haujapekuliwa, na kilichomo kinaingia koponi. Hakisomwi, hakiulizwi. Tumeshaweka humo meno ya bandia, na mwenyewe alikuja akayachukua bila kusema neno. Angesemaje?

Leo mvua ya kwanza. Na leo Misumari amekuja rasmi.

Misumari ni fundi bati. Ana tabia ya kubana misumari midomoni hata asipokuwa kazini, kwa hiyo kila anachosema kinatoka kama anakisaga kwanza. Ndiye aliyetuezekea paa jipya mwezi uliopita, na alichukua wiki tatu kwa kazi ya siku nne. Bibi alidhani mzembe. Mimi nilijua, maana Mama Mdogo alikuwa anampelekea maji ya kunywa kila baada ya misumari miwili.

Basi kakaa, katoa misumari mdomoni, kaiweka kwenye kisosi, kaanza: "Mama mkwe..."

Tone. Puu! Katikati ya shuka lililokwisha pigwa pasi.

Bibi akaangalia juu. Akaangalia shuka. Akamwangalia Misumari.

"Mkwe wa nani? Mwanamume asiyeweza kunifunika mimi na mvua, binti yangu atamfunika na nini?"

"Mama, nitaziba leo leo."

"Ziba. Mvua hizi zikiisha paa langu likiwa kavu, lete wazee wako. Likidondosha hata tone moja siku ya mvua ya mwisho, kaezeke kwingine."

Mama Mdogo kaingia uani kuchota maji, ndoo imejaa tayari.

Jumanne, 4 Machi

Nimesaidia. Kati ya ukuta na bati kulikuwa na matundu yanayoingiza ubaridi. Nimeyaziba yote kwa matambara, kwa kijiti, mpaka sisimizi akitaka kupita aombe ruhusa. Bibi kanisifu. Siku ya kuandikwa hiyo, ndiyo maana naiandika.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua. Linavuja.

Jumatatu, 10 Machi

Misumari kapanda na ndoo ya lami. Kapaka kila kichwa cha msumari, kila mshono. Kashuka mweusi mpaka kwenye nyusi. Mama Mdogo kamfuta kwa mafuta ya taa, polepole sana. Lami ya nyusi mbili haihitaji nusu saa, lakini mimi simo.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Linavuja zaidi.

Jumatano, 12 Machi

Nikwambie ukweli, Mdaku: namwona Misumari kama mtu wa kupigapiga nyundo tu. Anacheka utani wake mwenyewe kabla hajaumaliza. Leo kasema, "Paa hili linanionea wivu," akacheka hadi msumari ukamtoka. Mama Mdogo anaona nini humo? Ana miaka thelathini na tatu, mikono yake inakunja shuka la futi saba likatoka kama karatasi, angempata yeyote.

Jumapili, 16 Machi

Simama hapo hapo! Leo HAIKUNYESHA. Jana pia haikunyesha. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, jirani anakohoa humwoni. Tumewasha jiko, pipa limeanza kuchemka, na paa likaanza: puu, puu, puu.

Nimetoka nje mbio, nikapanda ngazi, nikapapasa bati kwa juu. Lina unyevu wa ukungu tu, hakuna maji ya kuvuja. Nimerudi ndani nikapapasa chini yake. Chapachapa! Matone yamejipanga kama wanafunzi wa gwaride.

"Bibi, linavuja bila mvua!"

"Basi ni baya kuliko nilivyofikiri," kasema Bibi, akaendelea kupiga pasi.

Kichwa changu hakitulii. Maji yanatoka wapi?

Jumatano, 19 Machi

Nina kitabu cha kemia nilichokiokota kwenye karatasi za kufungia. Kinaanzia ukurasa wa arobaini na moja, kwa hiyo kuna mambo mengi nayajua katikati bila kuyajua mwanzo. Shule niliiacha zamani kuja kushika pasi, ila kichwa hakikupewa taarifa.

Leo nimepeleka makoti maabara. Mwenye maabara tunamwita Bwana Koti. Nikamuuliza, "Maji yanaweza kutokea hewani, bila mvua wala bomba?"

Hakucheka. Kawasha moto chini ya chupa yenye maji aliyotia wino wa buluu. Juu ya chupa kuna mrija wa kioo, na mrija huo umevalishwa mrija mwingine mnene unaopitisha maji baridi. Ule wa ndani unapita katikati ya baridi bila kuchanganyika nayo. Maji yakachemka. Mvuke ukapanda, ukaingia mrijani, ukakutana na ubaridi. Halafu upande wa pili, Mdaku, tone! Halina wino hata chembe. Jeupe pe, kama halijawahi kuwa buluu maishani mwake.

"Wino umebaki wapi?" nikapiga kelele.

"Chupani. Kilichopanda ni maji peke yake."

Akanieleza. Joto ndilo linalozitawanya chembe za maji, kila moja inakwenda kivyake, hatuzioni. Mvuke ukigusa kitu baridi unakiachia joto lake, chembe zinapoa, zinakaribiana, zinashikana, tone hilo. Kitendo hicho kinaitwa mtonesho. Umande wa majani ni huo huo. Ukungu ni huo huo. Wingu je? Wingu ni hewa yenye mvuke iliyopanda ikapoa, na huko juu mvuke unatafuta vumbi la kushika, maana kugeuka tone hewani hivihivi ni kazi ngumu mno.

"Hata wingu linataka pa kushika," kasema.

Nimerudi nyumbani nakimbia. Mtu kaniuliza kama kuna moto. Nikasema ndiyo.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika nikiwa nimejificha nyuma ya tangi.

Niliwaza hivi: kama paa linavuja, maji ya juu yanapita chini. Basi nikitia rangi juu, tone la ndani litatoka na rangi. Nikamwambia Misumari. Kwa mara ya kwanza akanisikiliza bila utani, akasema, "Hiyo ni akili." Tukachukua bluu ya kufulia, makopo mawili mazima, akapanda akainyunyiza bati lote. Mvua ikaja. Ndani tukakinga bakuli.

Matone meupe! Safi! Hakuna bluu! Nikamkumbatia Misumari, naye akamkumbatia Mama Mdogo kwa makosa ya makusudi.

Bibi kaangalia bakuli. "Bluu imeishia njiani."

"Bibi! Ingeishiaje njiani?"

"Sasa iko wapi?"

Hapo ndipo tulipopata jibu. Maji ya paa yanashuka kwenye mfereji, mfereji unaingia kwenye tangi, na kwenye tangi hilo ndimo Mama Mdogo alikuwa anasuuza mashuka ya wageni. Bluu kidogo inang'arisha nguo nyeupe. Makopo mawili yanatengeneza sare za shule. Mashuka sitini, Mdaku. Sitini. Buluu kama mbingu ya kiangazi.

"Njoo utoke huko nyuma," anaita Bibi. "Nakuona miguu."

Jumapili, 23 Machi

Tumefua upya.

Jumatatu, 24 Machi

Tumefua upya.

Alhamisi, 27 Machi

Siku mbaya. Matone yamechukua kutu kwenye boriti ya chuma, yakaangukia mzigo uliokuwa tayari. Madoa ya hudhurungi kila mahali, kama chui. Bibi hakupiga kelele, na hilo lilinitisha. Alimngoja Misumari mlangoni.

"Baba, umejitahidi. Usirudi tena na lami. Usirudi na kitu."

Misumari hakuwa na utani. Alikuwa hana hata msumari mdomoni. "Mama, nimeezeka nyumba arobaini. Hii niliipenda kuliko zote. Kama inavuja, kosa ni langu." Akaondoka, ngazi akaisahau.

Mama Mdogo hakulia. Alishika ncha mbili za shuka, Bibi akashika mbili. Wakarudi nyuma, wakalivuta likakaza, wakakutana katikati, ncha kwa ncha, wakarudi tena. Wamefanya hivyo tangu Mama Mdogo akiwa na miaka tisa, wanasogea kama watu wanaocheza ngoma moja. Leo walikunja mashuka thelathini bila kuangaliana usoni.

Nikawa nawatazama, na kitu kikanigonga. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja.

Bibi hagombani na paa. Anaogopa kubaki na ncha mbili tu.

Jumapili, 30 Machi

Nimelala chali mezani naangalia bati, najiuliza: kabla sijaziba matundu, lilidondosha tone moja. Baada ya kuziba, mvua nzima. Misumari alipoziba mishono, likazidi. Kila tulipozidi kuziba, likazidi kulowa. Na tunachemsha ndani msimu wa mvua tu, na mvua ndiyo inayolipoza bati, kama ukungu wa ile Jumapili! Ndiyo maana kila mtu aliona mvua akasema linavuja. Maji hayatoki juu. Ni ya pipa letu, yanapanda mvuke, hayaoni pa kutokea, yanagonga bati la baridi, yanarudi.

Pa kutokea nilipaziba mimi. Kwa kijiti. Nikasifiwa.

Mdaku, kukosea si kitu. Kukosea halafu mwingine akafukuzwa mlangoni kwa ajili yako, hilo ndilo linalokunyima usingizi mchana.

Jumatatu, 31 Machi

Nimekiri. Lakini na Bibi mtu hakiri mikono mitupu.

Nilijaza kikombe cha bati maji baridi ya tangini, nikatia chumvi vijiko vitatu, nikakoroga, nikakipangusa nje kikakauka kabisa. Nikakiweka mezani karibu na pipa linalochemka.

"Bibi, kitazame hiki."

"Nina kazi."

"Dakika moja tu, Bibi yangu, mboni ya macho yangu."

Akakitazama. Kikombe kikaanza kutoka jasho. Matone madogo, yakanenepa, yakateremka.

"Kikombe kimetoboka," kasema.

"Basi onja maji ya ndani."

Akaonja, akatema. "Chumvi yote hii, unataka kuniua nikiwa bado na deni la mashuka?"

"Sasa onja ya nje."

Akapitisha kidole, akakilamba. Akakipitisha tena upande wa pili, akalamba tena. Mama Mdogo kaacha pasi hewani.

"Hayana chumvi," kasema Bibi taratibu.

"Kwa sababu hayakutoka ndani ya kikombe. Yametoka hewani. Ni mvuke wa pipa lako. Na bati la juu ni kikombe kikubwa, Bibi. Halijatoboka. Fundi hana kosa. Mwenye kosa ni mimi na matambara yangu."

Pipa linachemka buku buku buku.

"Kwa hiyo," kasema Bibi, "mwezi mzima nimemtukana mtoto wa watu kwa maji yangu mwenyewe."

"Ndiyo, Bibi."

"Hujui kupunguza maneno wewe." Kisha akamgeukia Mama Mdogo. "Ngazi yake iko uani. Mpelekee."

"Ngazi ni nzito, mama."

"Basi mwambie aje aichukue! Lazima nifundishwe kila kitu leo?"

Mama Mdogo alitoka mbio, kandambili mguu mmoja tu.

Alhamisi, 3 Aprili

Misumari amerudi, na misumari mdomoni. Katoa matambara yangu yote, kayapanga mstari mezani kama ushahidi wa mahakamani. Sitini na mawili. "Kiherehere, hukubakisha hata la kujifutia machozi." Akacheka kabla hajamaliza, na safari hii nami nikacheka kabla hajamaliza.

Jumatano, 9 Aprili

Kumbe mtu huyu ana akili ya mikono! Nilimchorea mrija wa maabara kwa mkaa ukutani. Kautazama muda mrefu. "Mvuke unataka kitu baridi cha kushika," kasema. "Basi tuupe chake, uache paa la watu."

Kaning'iniza bati moja juu ya pipa, kalilaza kwa mteremko, juu yake kaviringisha bomba jembamba la maji baridi kutoka tangini, na mwisho wa mteremko kafunga mfereji mdogo. Mvuke unapanda, unagonga bati, unakuwa maji, yanateleza, yanaingia ndooni. Ndoo moja kila asubuhi! Bibi kayatia kwenye pasi ya mvuke. Siku zote, kwa maji ya kisima, ilikuwa inatema magamba meupe ya chumvi. Sasa inapumua kama mtoto mchanga.

Nilikuwa namdharau, Mdaku. Nimefuta nilichoandika tarehe kumi na mbili. Hapana, sijafuta. Acha kikae kinitie haya.

Jumamosi, 12 Aprili

Bwana Koti kaja mwenyewe kuchukua makoti, maana nilimsumbua aje aone. Kazunguka bati letu mara tatu. Kasema kuna chuo kinachofundisha watu wa maabara, na asiye na cheti anaweza kuingia kwa mtihani wa vitendo. Miaka miwili, mji mwingine, safari ya siku nzima.

Amenipa fomu. Nimeijaza nyuma ya tangi.

Jumatatu, 14 Aprili

Kavu.

Jumatano, 16 Aprili

Kavu, na mvua ilikuwa kubwa!

Alhamisi, 17 Aprili

Nimefanya mtihani kule kule maabara ya shule, mbele ya mama mmoja wa chuo aliyekuja na saa yake. Kaniambia nitenganishe chumvi na maji, nivirudishe vyote viwili. Sikuondoa jicho kwenye mrija hadi tone la kwanza lilipoanguka. Nyumbani nilisema nimechelewa kwa kuhesabu makoti.

Jumatano, 23 Aprili

Barua imefika kwa Bwana Koti. NIMEPITA. Nianze mwezi wa sita. Nimeiweka mfukoni, nikajiangalia kwenye kioo, nikajipigia saluti.

Alhamisi, 24 Aprili

Barua haipo! Gauni nililovaa jana liko kamba ya tatu, limefuliwa, linadondoka maji. Nimepekua mfuko: mtupu.

Halafu nikaangalia rafu. Imo koponi, kavu, imekunjwa ndani ya bahasha vilevile nilivyoiacha. Ila mhuri wa chuo uko nje kabisa, mwekundu, mkubwa kama kisosi.

Bibi hajasema neno. Hakisomwi, hakiulizwi.

Jumamosi, 26 Aprili

Leo wazee wa mitaani wameangalia mbingu wakasema hii ndiyo ya mwisho. Ikashuka kweli, ya kumwaga kwa ndoo. Bibi kaweka kiti katikati ya chumba, kakaa, kakunjua shuka jeupe mapajani. Misumari kasimama mlangoni na wazee wake wawili, wamelowa, hawajaruhusiwa kuingia. Mama Mdogo kashika mkono wangu hadi vidole vikafa ganzi.

Pipa linachemka. Mvua inapiga bati, hatusikilizani. Robo saa. Nusu saa. Hakuna. Mvua ikaanza kulegea, nikaanza kutabasamu.

Puu.

Tone moja. Katikati ya shuka, mapajani pa Bibi.

Misumari alifumba macho. Mzee mmoja kaanza kutafuta fimbo yake.

Bibi kalitazama lile tone. Akaweka kiganja juu yake, akalifunika.

"Nyumba inayofanya kazi hutoka jasho," kasema. "Mnasimama mvuani kwa nini? Ingieni, wakwe zangu."

Weee, Mdaku! Kelele iliyopigwa humo, kama paa lingevuja tusingejua. Misumari alisahau ana misumari mdomoni, akataka kumeza. Mama Mdogo alichukua ndoo akaenda kuchota maji, nje, mvuani, na ndoo yenyewe haina kitako. Harusi ni baada ya wiki tano.

Jumapili, 27 Aprili

Nimeamka nikamkuta Bibi peke yake kazini. Kafunga ncha mbili za shuka kwenye nondo za dirisha kwa vibanio, yeye kashika mbili, anarudi nyuma, analivuta, anakwenda mbele kukutana na dirisha. Dirisha halisogei. Shuka likamwangukia kichwani. Akacheka peke yake chini ya shuka, mabega yanatikisika.

"Bibi, unafanya nini? Si uniite?"

Akalitoa kichwani. "Najifunza. Mtu hajifunzi akiwa mzee?"

"Mama Mdogo bado yupo. Na mimi nipo."

"Eeh," kasema, akaangalia rafuni, kwenye kopo, akarudisha macho haraka kwangu. "Haya, shika."

Nikashika. Tukavuta likakaza. Tukakutana katikati, vidole vyake vikachukua ncha zangu, vya moto kwa pasi, na akabaki ameshika vidole vyangu muda mrefu kidogo kuliko shuka linavyotaka.

Misumari anasema atamuundia Bibi kibanio cha ukutani chenye gurudumu, kinachosogea kama mtu. Mama Mdogo anasema atakuja kila Jumamosi kukunja. Bibi anasema hana habari tunazungumzia nini, na anapiga mluzi. Bibi hajawahi kupiga mluzi.

Barua bado iko koponi. Kwa sheria ya nyumba hii, kitu cha koponi anakichukua mwenyewe, bila kusema neno. Nimesimama mbele ya rafu tangu saa nne, jua limetoka, matone ya jana yanakauka kwenye kamba, yanapanda huko yasikoonekana kutafuta pa kushika.

Mdaku wangu, umesoma yote, hujaruka kitu na mimi sijakuficha. Ungekuwa wewe, mkono ungeupeleka wapi: koponi, au kwenye ncha ya shuka?